Kupanga na Kufunga Madirisha Mengi kwenye Programu za Usanifu Bila Kupoteza Kazi

Kazi ya usanifu haikai kwenye faili moja. Ukiwa unatengeneza bango, utakuta umefungua nembo, picha tatu unazochagua kati yake, bango la zamani unaloiga rangi zake, na faili yenyewe unayoijenga. Saa chache baadaye vichupo vimebanana hadi majina hayasomeki, kompyuta imekuwa nzito, na mtu anaanza kubofya X moja baada ya nyingine huku akijibu "No" bila kusoma. Kazi ya siku nzima inaweza kupotea katika dakika hizo mbili, na faili ikishafungwa, Ctrl+Z haiirudishi.

Kufunga vizuri ni suala la mpangilio: ujue unafunga nini, ujue kipi kimebadilika, kisha ufunge kwa zamu inayofaa. Mwongozo huu unahusu zaidi Photoshop, Illustrator, InDesign, GIMP na AutoCAD. Mikato ya kibodi iliyotajwa ni ya Windows. Kwenye programu za Adobe za Mac, weka Command mahali pa Ctrl na Option mahali pa Alt.

Ujue kwanza unachokifunga

Kwenye skrini moja kunaweza kuwa na vitu vinne vinavyofanana kwa sura lakini vinavyofungwa kwa namna tofauti.

Cha kwanza ni faili yenyewe, yaani kazi uliyoifungua. Ukiifunga, programu inaiondoa kwenye kumbukumbu, na kama ina mabadiliko itakuuliza kwanza.

Cha pili ni mwonekano wa ziada wa faili ileile. Kwenye Photoshop unaupata kwa Window > Arrange > New Window for, ikifuatiwa na jina la faili; kwenye Illustrator ni Window > New Window; kwenye InDesign ni Window > Arrange > New Window; kwenye GIMP ni View > New View. Hapo una faili moja unayoiangalia kupitia madirisha mawili. Ukichora upande mmoja, upande wa pili unabadilika papo hapo. Ukifunga mwonekano mmoja huulizwi chochote, kwa sababu faili bado iko wazi. Swali la kuhifadhi linakuja pale tu unapofunga mwonekano wa mwisho. Watu wengi hushtuka hapa: wanafunga dirisha, hawaulizwi kuhifadhi, wanadhani kazi imepotea. Haijapotea. Tazama orodha iliyo chini ya menyu ya Window na utaiona faili yako bado ipo.

Cha tatu ni faili mtoto. Photoshop ikiwa na leya ya aina ya Smart Object, yaani leya inayobeba faili nyingine ndani yake, ukibofya mara mbili kijipicha chake, yaliyomo hufunguka kwenye kichupo kipya, mara nyingi chenye jina linaloishia na .psb. Hiki si kichupo cha kujitegemea, kinaitegemea faili mama. Tutakirudia, maana ndicho kinachokula kazi za watu kimyakimya.

Cha nne ni programu nzima. Ctrl+W hufunga faili iliyo mbele, Alt+F4 hufunga programu yote. Kwenye Mac tofauti hiyo iko kati ya Command+W na Command+Q, vitufe vinavyopakana kabisa kwenye kibodi, kwa hiyo kidole kikiteleza kidogo umefunga kila kitu. Windows ina pia Ctrl+F4 inayofunga faili tu. Ukiizoea hiyo, angalia usichanganye Ctrl na Alt.

Paneli za pembeni, kama ya leya au ya rangi, si madirisha ya kazi. Zikikuzibia nafasi, bonyeza Tab kwenye Photoshop, Illustrator, InDesign au GIMP, zote zitajificha. Bonyeza tena zirudi. Usibonyeze Tab ukiwa unaandika maandishi, kwa sababu hapo itaingia kama nafasi ndani ya maandishi yako. Ukikuta paneli zimetoweka zote na hujui zimeendaje, mara nyingi ni Tab iliyoguswa kwa bahati mbaya.

Soma kichupo kabla ya kukigusa

Kichupo cha Photoshop kinasema mengi. Chukua mfano huu:

bango_A4.psd @ 66.7% (Nembo, CMYK/8*) *

Asilimia ni kiwango cha ukuzaji, "Nembo" ni leya uliyoichagua, CMYK ni mfumo wa rangi na 8 ni idadi ya biti kwa kila chaneli. Sasa tazama nyota. Ziko mbili, na maana zake hazihusiani. Nyota iliyo ndani ya mabano inasema kuwa wasifu wa rangi wa faili unatofautiana na ule uliowekwa kwenye mipangilio ya rangi ya programu yako. Haihusu kuhifadhi hata kidogo, na haitaondoka hata ukibonyeza Ctrl+S mara kumi. Nyota iliyo nje ya mabano, mwishoni kabisa, ndiyo inayosema kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Ukiona alama ya # ndani ya mabano badala ya nyota, faili haina wasifu wa rangi wowote.

Kwa hiyo jicho lako liende mwisho wa jina. Illustrator, InDesign, GIMP na AutoCAD nazo huweka nyota kwenye jina la faili iliyobadilika.

Vichupo vikizidi upana wa skrini, Photoshop huvificha vya ziada na kuweka mishale miwili upande wa kulia wa mstari wa vichupo. Ibofye upate orodha kamili. Kabla ya kufunga chochote, pitia orodha hiyo. Faili unayoisahau ndiyo iliyojificha huko.

Faili nyingine zinaonyesha mabadiliko hata kama hukuzigusa. Ukifungua kwenye InDesign au Illustrator faili iliyotengenezwa na toleo la zamani, jina linaongezewa neno [Converted], na wakati wa kufunga utaulizwa kama unataka kuihifadhi. Kama ulikuwa unaitazama tu, jibu hapana bila wasiwasi. Tena ni afadhali ujibu hapana: ukiihifadhi kwa toleo jipya la InDesign, mwenzako mwenye toleo la zamani hataweza kuifungua mpaka umtolee nakala ya IDML, muundo wa InDesign unaofunguka kwenye matoleo ya zamani.

Panga ili uone

Kufunga madirisha yaliyotawanyika ni kazi ngumu kwa sababu yanafunikana. Yarudishe yote kwenye mstari mmoja wa vichupo kwanza. Photoshop: Window > Arrange > Consolidate All to Tabs. Illustrator na InDesign: Window > Arrange > Consolidate All Windows. Kwenye GIMP, weka tiki kwenye Windows > Single-Window Mode. Hali hiyo ilianza na toleo la 2.8 la mwaka 2012, na tangu 2.10 ya mwaka 2018 ndiyo inayokuja yenyewe ukisakinisha. Kwenye AutoCAD, vichupo vya faili vikiwa vimetoweka, andika FILETAB kwenye mstari wa amri kisha Enter.

Kama kwenye Photoshop faili zinafunguka zikielea kila mara, nenda Edit > Preferences > Workspace uweke tiki kwenye Open Documents as Tabs. Hapohapo kuna Enable Floating Document Window Docking. Ukipenda madirisha yaelee na hutaki yanate kwenye mstari wa vichupo kila unapoyasogeza karibu na ukingo wa juu, ondoa tiki hiyo.

Kuhama kati ya faili, tumia Ctrl+Tab kwenda mbele na Ctrl+Shift+Tab kurudi nyuma. Kwenye Photoshop ya Mac kitufe ni Control chenyewe, si Command. GIMP ina njia ya haraka zaidi: Alt+1 inakupeleka picha ya kwanza, Alt+2 ya pili, na kuendelea.

Kuna wakati unahitaji kuona faili mbili kwa pamoja kabla ya kuamua ipi ubaki nayo, kwa mfano matoleo mawili ya picha ileile. Fanya hivi kwenye Photoshop:

1. Funga au acha pembeni vingine vyote, ubaki na faili mbili unazozilinganisha.
2. Chagua Window > Arrange > 2-up Vertical. Skrini inagawanyika katikati.
3. Kwenye faili ya kwanza, kuza hadi sehemu unayotaka kuichunguza, tuseme ukingo wa nywele kwa 200%.
4. Chagua Window > Arrange > Match Zoom and Location. Faili ya pili inakwenda kiwango kilekile na sehemu ileile.
5. Chukua zana ya mkono kwa kitufe cha H, shikilia Shift, kisha buruta. Madirisha yote mawili yanasogea pamoja.

Ukimaliza, rudisha kila kitu kwenye vichupo kwa Consolidate All to Tabs. Usifunge faili ukiwa bado kwenye skrini iliyogawanywa kama huna uhakika lipi ndilo dirisha hai. Ctrl+W hufunga dirisha hai, nalo huenda lisiwe lile unalolitazama. Bofya mara moja ndani ya dirisha husika kwanza.

Mionekano miwili ya faili moja nayo ina faida kubwa na inatumika kidogo mno. Unaporekebisha doa dogo kwa 800%, weka mwonekano wa pili kwa ukubwa wa kawaida pembeni, uone jinsi rekebisho linavyokaa kwenye picha nzima. Kwa kazi za kuchapwa, mwonekano mmoja unaweza kuuwekea View > Proof Colors na mwingine ukauacha ulivyo, kwa kuwa Photoshop huhifadhi mpangilio huo kwa kila dirisha peke yake.

Funga kwa zamu

Zamu inayofaa ni hii: faili watoto, kisha mionekano ya ziada, kisha faili zisizo na mabadiliko, kisha zilizobadilika, na programu mwisho.

1. Anza na faili watoto. Nenda kwenye kila kichupo kilichotoka kwenye Smart Object, bonyeza Ctrl+S, kisha Ctrl+W. Ukirudi kwenye faili mama utaona mabadiliko yameingia. Usitumie Save As hapa. Ukitumia Save As, Photoshop inaandika faili pembeni mahali ulipochagua, na faili mama haipati chochote. Na usifunge faili mama ukimwacha mtoto wazi, kwa sababu atabaki bila mahali pa kurudisha mabadiliko yake.

2. Funga mionekano ya ziada. Kwenye Illustrator na InDesign inatambulika kwa namba baada ya jina, kama vile bango.ai:1 na bango.ai:2. Bakiza moja kwa kila faili.

3. Hifadhi zote zenye nyota zinazostahili kuhifadhiwa. Photoshop haina amri ya kuhifadhi zote kwa mkupuo, kwa hiyo pita moja moja kwa Ctrl+Tab na Ctrl+S. InDesign inayo: Ctrl+Alt+Shift+S. Faili ambayo bado inaitwa Untitled-1 au Untitled-2 ipe jina sasa hivi, wakati bado unakumbuka ndani kuna nini.

4. Kama faili ni kubwa, subiri. Photoshop huendelea kuhifadhi huku ukifanya mambo mengine, na asilimia ya maendeleo huonekana. Kama unahifadhi kwenye diski ya mtandao au folda inayosawazishwa na huduma ya mtandaoni, acha usawazishaji umalizike kabla ya kuzima kompyuta au kuchomoa diski.

5. Sasa funga. Kama kuna faili moja tu unayoendelea nayo, bofya kulia kichupo chake na uchague Close Others. Zote zinafungwa isipokuwa hiyo. Kama umemaliza kabisa, Ctrl+Alt+W hufunga zote kwenye Photoshop na Illustrator.

6. Kidirisha cha swali kikitokea, soma jina la faili lililotajwa. Kwenye Photoshop kina pia kisanduku cha Apply to All. Ukiweka tiki hapo, jibu lako linatumika kwa faili zote zilizosalia.

Tusimame hapo kwenye Apply to All, maana ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwenye mwongozo huu. Tiki hiyo pamoja na Yes haina madhara makubwa: kwa ubaya zaidi utahifadhi mabadiliko usiyoyataka kwenye faili fulani, ingawa hata hilo linauma kama picha halisi ilikuwa moja tu. Tiki hiyo pamoja na No inafuta mabadiliko ya faili kumi kwa mbofyo mmoja, zikiwamo zile zilizojificha nyuma ya mishale miwili ambazo hukuziona. Kanuni ni rahisi: usiweke tiki hiyo na No mpaka umepita hatua ya 3 na una hakika kwamba kila nyota iliyobaki ni ya takataka. Ukisita hata kidogo, bonyeza Cancel. Cancel inasimamisha ufungaji, faili zilizosalia zinabaki wazi, na unaweza kwenda kuangalia.

Kumbuka pia kwamba kutoa nakala si kuhifadhi. Kwenye matoleo mapya ya Photoshop, ukifungua JPG, ukaongeza leya, kisha ukatumia Save a Copy kupata JPG nyingine, faili iliyo wazi bado ina nyota. Nakala imetoka, lakini leya hazijahifadhiwa popote. GIMP ni vilevile: Export inatoa PNG au JPG, na ukifunga bado unaonywa kwamba mabadiliko hayajahifadhiwa, ila onyo linakutajia kuwa picha ilishatolewa kwa jina fulani. Kama PNG ndiyo uliyoihitaji, funga tu. Kama kesho utataka kuhariri maandishi, hifadhi kwanza kwa XCF, muundo wa GIMP yenyewe unaotunza leya.

Mkato mmoja, programu tatu, matokeo matatu

Anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine siku nzima ajihadhari na Ctrl+Shift+W. Kwenye Photoshop inafunga faili na kukupeleka kwenye Bridge, programu ya Adobe ya kuvinjari faili. Kwenye InDesign inafunga faili pamoja na mionekano yake yote. Kwenye GIMP inafunga picha zote zilizo wazi. Vilevile Ctrl+Alt+Shift+S: InDesign inahifadhi faili zote, Photoshop inafungua Save for Web. Na kufunga faili zote kwenye InDesign ni Ctrl+Alt+Shift+W, mkono mzima.

Kwenye CorelDRAW njia ya kukumbuka ni menyu ya Window, yenye Close na Close All pamoja na amri za kupanga madirisha. Inkscape kwenye matoleo mengi hufungua kila faili kwenye dirisha lake; funga moja kwa Ctrl+W au zote kwa Ctrl+Q. SketchUp ya Windows kila faili ni programu nzima iliyofunguliwa upya, kwa hiyo faili tano ni SketchUp tano zinazogombania kumbukumbu. Huko, kufunga usichokihitaji ni muhimu kuliko kwingine kote.

AutoCAD ina lugha yake

Amri za kuandika ndizo za haraka. CLOSE hufunga mchoro ulio mbele. CLOSEALL hufunga yote, ikikuuliza kwa kila mchoro uliobadilika. CLOSEALLOTHER hufunga yote isipokuwa unaofanyia kazi. Ukibofya kulia kichupo cha faili utakuta pia Save All, ambayo ni vizuri kuianza kabla ya CLOSEALL.

Jambo linalowasumbua wengi ni AutoCAD kuuliza kuhifadhi mchoro uliofunguliwa kwa kutazama tu. Sababu ni kwamba kukuza na kusogeza mwonekano nako kunahesabiwa kama mabadiliko. Ukitaka kujua kilichobadilika kweli, andika DBMOD ubonyeze Enter. Utapewa namba, ambayo ni jumla ya hizi: 1 kama vitu vya mchoro vimeguswa, 4 kama vigezo vya mchoro vimebadilika, 8 kama dirisha limebadilika, 16 kama mwonekano umebadilika. Sifuri maana yake hakuna kitu. Njia ya mkato ya kusoma: namba ikiwa witiri, kuna mstari, maandishi au kitu kingine kilichoguswa, kwa hiyo usifunge bila kufikiri. Ikiwa 16 au 24, ulizungusha macho tu. Jibu No kwa amani.

Skripti ya kufunga zisizobadilika

Anayefungua picha thelathini kuzipitia na kurekebisha nne tu, atapenda hii. Skripti ifuatayo inafunga faili zote ambazo hazina mabadiliko, na kukuachia zile zenye nyota tu. Inafanya kazi kwenye Photoshop na Illustrator.

for (var i = app.documents.length - 1; i >= 0; i--) {
    var d = app.documents[i];
    if (d.saved) {
        d.close(SaveOptions.DONOTSAVECHANGES);
    }
}

1. Fungua Notepad, bandika mistari hiyo.
2. Hifadhi kwa jina kama funga_safi.jsx. Kwenye sehemu ya aina ya faili chagua All files, la sivyo Notepad itaiita funga_safi.jsx.txt na programu haitaitambua.
3. Kwenye Photoshop: File > Scripts > Browse, chagua faili hiyo. Kwenye Illustrator: File > Scripts > Other Script.
4. Ukiipenda, inakili kwenye folda ya Presets > Scripts ndani ya folda ya Photoshop, kisha funga na ufungue programu. Itaonekana kwenye menyu ya File > Scripts, na utaweza kuipa mkato kupitia Edit > Keyboard Shortcuts.

Kuhesabu kunaanzia mwisho kurudi mwanzo kwa makusudi. Kila faili ikifungwa, namba za zinazofuata husogea. Ukianzia mwanzo, skripti itaruka baadhi ya faili. Na usiondoe mstari wa if. Bila huo, skripti inafunga kila kitu bila kuuliza chochote, kazi ya leo ikiwamo.

Dirisha linapogoma kufungwa

Ukibonyeza Ctrl+W na hakuna kinachotokea, au amri ya Close imefifia kwenye menyu, kwa kawaida kuna kazi iliyoachwa njiani. Kwenye Photoshop ni Free Transform au zana ya kukata picha: bonyeza Enter kukubali au Esc kuacha. Kwenye AutoCAD ni amri inayosubiri: bonyeza Esc mara mbili.

Kama hata menyu hazifunguki na unasikia mlio kila ukibofya, kuna kidirisha kinachosubiri jibu mahali usipokiona. Jaribu Alt+Tab kwanza. Kama ulikuwa unatumia skrini mbili na moja imechomolewa, huenda kidirisha kimebaki upande wa skrini isiyokuwepo: bonyeza Alt+Space, kisha M, kisha kishale chochote mara moja, halafu sogeza kipanya, kidirisha kitakifuata. Kwa madirisha makubwa ya programu, kitufe cha Windows pamoja na Shift na kishale cha kushoto au kulia hulihamishia skrini nyingine. Paneli zilizopotea namna hiyo zinarudi kwa Window > Workspace, ukichagua Reset kwenye mpangilio unaoutumia.

Programu ikiganda kabisa, usikimbilie kuiua. Faili kubwa ikiwa inahifadhiwa, Windows inaweza kuandika "Not Responding" ilhali kazi inaendelea. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc utazame matumizi ya diski na kichakato. Yakiwa yanacheza, ngoja. Ukiikata katikati ya kuhifadhi, unaweza kubaki na faili iliyoharibika.

Kwa nini kompyuta bado ni nzito baada ya kufunga

Picha ya A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ina pikseli 2480 kwa 3508. Kwa RGB ya biti 8 hiyo ni takribani MB 25 kwenye kumbukumbu, kwa CMYK takribani MB 33, na biti 16 zinaongeza mara mbili. Hapo ni leya moja tu. Ongeza leya, kisha historia ya hatua, ambazo kwa kawaida Photoshop mpya huweka 50 kwa kila faili. Ukubwa wa JPG kwenye diski haukuambii lolote: faili ya MB 2 ikifunguliwa inatanuka.

Bofya mshale ulio chini ya dirisha la Photoshop uchague Efficiency. Ikisoma 100% uko salama. Ikishuka, programu imeanza kutumia diski badala ya kumbukumbu, na ndiyo maana kila kitu kinakwenda polepole. Funga faili usizozihitaji. Kama huwezi kuzifunga, Edit > Purge > Histories hufuta historia ya faili zote zilizo wazi, nawe hutaweza kurudi nyuma tena, kwa hiyo hifadhi kwanza.

Baada ya kufunga faili zote, Task Manager inaweza kuonyesha kuwa Photoshop bado imeshikilia kumbukumbu nyingi. Inaitunza kwa ajili ya faili zijazo. Ukitaka irudi kwa programu nyingine, toka kwenye Photoshop kabisa kisha uifungue tena. Kama ilikufa ghafla siku za nyuma, tafuta kwenye diski faili zinazoanza na jina Photoshop Temp. Ukiwa umefunga programu, zifute. Zinaweza kuwa kubwa sana.

Ukishabonyeza No

Faili za uokoaji zimewekwa kwa ajili ya programu inapokufa, si kwa ajili ya jibu lisilo sahihi. Photoshop kwa kawaida huandika taarifa za uokoaji kila dakika 10, na unaweza kuishusha hadi 5 kwenye Preferences > File Handling; Illustrator kwa kawaida ni kila dakika 2. Lakini ukifunga faili mwenyewe kwa No, taarifa hizo zinafutwa. Kinachobaki ni kutafuta toleo la awali: kama folda inasawazishwa mtandaoni, angalia historia ya matoleo kwenye huduma hiyo; kwenye Windows, bofya kulia faili, Properties, kisha Previous Versions, ingawa hapo utakuta kitu ikiwa tu hifadhi rudufu iliwashwa mapema.

Kwenye AutoCAD, kila unapohifadhi, toleo lililotangulia hubaki kama faili ya .bak kwenye folda ileile, mradi kigezo cha ISAVEBAK ni 1. Ibadilishe jina liishie na .dwg uifungue. Faili za kujihifadhi zenye mwisho wa .sv$ hufutwa ukifunga kawaida, lakini programu ikizimika ghafla zinabaki kwenye folda inayotajwa na SAVEFILEPATH. Nazo zibadilishe kuwa .dwg, au andika DRAWINGRECOVERY uone orodha. Baada ya kuzimika huko, mchoro unaweza kukataa kufunguka kwa kuhariri ukidai unatumiwa na mtu mwingine. Hakikisha kwanza hakuna mwenzako aliyeufungua kweli, kisha futa faili mbili zenye jina la mchoro huo zinazoishia na .dwl na .dwl2, ufungue tena.